Siku Moja Angani, Juu ya Jangwa

Jumapili moja ukiwa na nafasi, msomaji, panda matatu ya Thika pamoja na watoto. Mkifika mjini fuateni barabara ya Garissa hadi mtaa wa Makongeni, kisha msimame kando ya lami mtazame upande wa mashariki. Nyuma yenu kuna mashamba ya kahawa, mito ya Chania na Thika, na viwanda vyenye moshi. Mbele yenu barabara inateremka taratibu. Inapita Matuu, inapita Mwingi, inavuka mto Tana pale Garissa na haikomi hadi Liboi, mpakani mwa Somalia. Kila ukizidi kwenda, miti inapungua, vumbi linaongezeka na jua linakuwa kali zaidi.

Wengi wetu tulifahamu vita vya angani vya jangwani mwaka wa 1991. Ilikuwa Januari 17 mwaka huo wakati ndege za Marekani na washirika wake zilipoanza kuishambulia Iraq, na dunia nzima ikakaa mbele ya televisheni. Vijana wa mitaani walijifunza majina ya ndege na makombora kana kwamba ni wachezaji wa kandanda. Hata leo mtoto wako akicheza michezo ya video, huenda ndege ya kivita ndiyo anayoipenda kuliko vyote.

Lakini je, wajua ya kwamba vita vya aina hiyo viliwahi kupiganwa katika anga yetu wenyewe? Wajua ya kwamba Wajir, Moyale na Malindi zilidondoshewa mabomu, na kwamba hii barabara ya Makongeni ilikuwa mojawapo ya njia za kuelekea huko? Keti basi, nikusimulie.

VITA VYABISHA HODI KASKAZINI

Juni 10, 1940, Mussolini alitangaza kwamba Italia imeingia vitani upande wa Ujerumani. Kwa mtu wa Nairobi au Thika habari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Waitaliano hawakuwa mbali. Walikuwa wakitawala Somalia ya kusini, Eritrea na Ethiopia yenyewe, ambayo waliivamia mwaka wa 1935. Maana yake ni kwamba mpaka wote wa kaskazini na mashariki mwa Kenya, kutoka Ziwa Turkana hadi Bahari ya Hindi, ulipakana na adui.

Italia ilikuwa na ndege zaidi ya 300 katika sehemu hii ya Afrika. Waingereza waliokuwa Kenya walikuwa na chache tu, tena nyingi zikiwa kuukuu. Kikosi cha 237 kutoka Rhodesia kilirusha ndege zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Afrika Kusini ilileta vikosi vyake, na kimoja kati ya hivyo, Kikosi cha 12, kilikuwa na ndege za Ju 86. Sikiliza ajabu hii: ndege hizo zilitengenezwa Ujerumani. Zilinunuliwa kubeba abiria wa shirika la ndege la Afrika Kusini, na vita vilipoanza zikatiwa mabomu zikapelekwa kumpiga rafiki wa Ujerumani!

Hazikukawia. Juni 11, siku moja tu baada ya tangazo la Mussolini, ndege hizo zilishambulia kambi ya Waitaliano karibu na Moyale. Jibu lilikuja upesi. Alfajiri ya Juni 13 ndege za Waitaliano aina ya Caproni zilitokea juu ya Wajir, mahali palipokuwa na ngome, uwanja wa ndege na visima ambavyo wafugaji wamevitegemea miaka na miaka. Mabomu yakaanguka. Askari wa KAR, yaani vijana wetu waliovaa kaptura na kofia za jeshi la mfalme wa Uingereza, waliuawa hapo na wengine wakajeruhiwa.

Mwezi uliofuata Waitaliano waliizingira Moyale. Usiku wa kuamkia Julai 15 askari waliokuwa ndani ya ngome walinyemelea gizani wakatoka, wakauacha mji mikononi mwa adui. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Malindi nayo ikapigwa mabomu.

MADEBE 24 KWA NDEGE MOJA

Kabla hatujafika kwenye siku yenyewe, hebu tuone ilivyokuwa kazi ya kurusha ndege moja tu ya kivita kutoka jangwani. Wanafunzi wa sayansi, sikilizeni vizuri.

Mwishoni mwa mwaka wa 1940 na mwanzoni mwa 1941 marubani wa Afrika Kusini walikuwa wamepata ndege bora zaidi, Hurricane ya Uingereza. Ilikuwa na injini moja na kiti kimoja. Ilienda kasi ya kilomita zaidi ya 500 kwa saa. Katika mabawa yake mlikuwa na bunduki nane za rashasha, nne kila upande. Zikifyatuliwa kwa pamoja zilimwaga risasi kama mvua ya mawe. Lakini risasi zote hizo ziliisha kwa muda wa sekunde 15 hivi! Kwa hiyo rubani hakuwa na ruhusa ya kucheza. Alifyatua kwa sekunde mbili, akaacha, akatazama, akafyatua tena.

Petroli ilitoka wapi huko kusiko na kituo cha mafuta? Ilibebwa kwa malori, ndani ya mikebe ya bati yenye galoni nne, ambazo ni lita 18. Mkebe huo unaujua, msomaji. Ndio debe, lile lile ambalo mama alilitumia kuchotea maji na ambalo mpaka leo linapimia mahindi sokoni. Tangi za Hurricane zilijaa kwa madebe 24 hivi. Ndege kumi zikiruka mara mbili kwa siku, hesabu mwenyewe: karibu madebe 500, yote yakimiminwa kwa mkono, tena yakichujwa ili mchanga na maji visiingie katika injini. Na kila debe lilikuwa limepita mamia ya kilomita za barabara mbovu, likivuja njiani.

Kisha kuna joto. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Bawa la ndege hubebwa na hewa, na hewa nyepesi hulibeba kwa shida. Kwa sababu hiyo ndege inayoruka kwa urahisi asubuhi yaweza kuhitaji uwanja mrefu zaidi saa saba za mchana. Viwanja vyenyewe vilikuwa ni msitu wa miiba uliofyekwa na kusawazishwa. Ndege ya kwanza ikiondoka, vumbi linampofusha rubani wa pili, na vumbi hilo hilo ndilo linalokula vyuma vya injini.

Waitaliano walikuwa na taabu yao. Njia ya bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza. Kila ndege iliyoharibika ilikuwa vigumu kupata kipuri cha kuitengeneza. Ndege yao hodari ya kupigana, Fiat CR.42, ilikuwa na mabawa mawili na rubani wake aliketi wazi, upepo ukimpiga usoni. Iliweza kugeuka upesi kuliko Hurricane, lakini haikuwa na mbio kama yake. Caproni za kutupa mabomu ndizo zilizokuwa na msiba zaidi. Zilienda polepole, hazikufikisha kilomita 300 kwa saa, na zikikutwa peke yake hazikuwa na pa kujificha katika anga lisilo na wingu.

MACHI 15, 1941

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Kufikia Machi 1941 mambo yalikuwa yamegeuka. Majeshi yaliyokusanyika Kenya, yakiwa na askari wa Afrika Mashariki, Nigeria, Ghana ya leo na Afrika Kusini, yalivuka mpaka. Kismayu ilitekwa Februari 14, na Mogadishu Februari 25. Halafu malori yakaelekea kaskazini, Ogaden, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 hadi Jijiga kwa siku 17. Mbele yao kulikuwa na mji wa Diredawa, penye reli itokayo Djibouti kwenda Addis Ababa na penye uwanja mkubwa wa ndege wa Waitaliano.

Uwanja huo ulikuwa mwiba. Ndege zilizotoka hapo zingeweza kuyashambulia malori jangwani, ambako hakuna mti wa kujificha. Ilibidi uzimwe.

Kazi hiyo walipewa marubani wa Hurricane wa Kikosi cha 3 cha Afrika Kusini. Miongoni mwao alikuwa John Frost, ambaye wenzake walimwita Jack. Alikuwa kijana wa miaka 22. Fikiria hapo: umri wa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, Februari 3, alikuwa amezikuta ndege za Caproni zikiwa katika safari ya kushambulia Dif, huko kwetu karibu na mpaka wa Somalia, akaangusha kadhaa katika pambano moja.

Machi 15 Frost na wenzake waliufikia uwanja wa Diredawa, wakashuka chini kabisa wakaanza kuzifyatulia risasi ndege za adui zilizokuwa zimeegeshwa. Kazi hii ya kushambulia ukiwa chini chini ilikuwa ya hatari kubwa kwa marubani. Ukiwa juu unapigana na mtu mmoja. Ukiwa chini kila mwenye bunduki anakulenga, na ukipigwa huna nafasi ya kuruka kwa mwavuli.

Frost alipigwa. Ndege yake ilishindwa kuendelea, akalazimika kutua pale pale katika kiwanja kidogo cha Waitaliano. Akaitia moto ndege yake isije ikawafaa adui. Basi akabaki amesimama juu ya mchanga, huku ndege yake ikiteketea na maadui wakiwa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo Luteni Robert Kershaw alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemwamuru kulifanya. Alimwona mwenzake. Alikuwa na petroli ya kumrudisha kituoni na hakuna ambaye angemlaumu kama angeenda zake. Badala yake aligeuza ndege, akashusha magurudumu, akatua penye risasi, akasimama kando ya Frost.

Kumbuka nilivyokwambia: Hurricane ina kiti kimoja, na kiti chenyewe ni chembamba. Wangekaaje watu wazima wawili? Kershaw alimpakata mwenzake, kama vile mzazi anavyompakata mtoto ndani ya matatu iliyojaa. Kwa kuwa sasa Kershaw hakuweza kuufikia vizuri usukani, waligawana kazi. Frost, juu ya mapaja, akashika usukani na kukanyaga pedali. Kershaw, akiwa chini yake, akashughulikia magurudumu na vibao vya nyuma ya mabawa. Watu wawili wakawa rubani mmoja. Ndege ikakimbia katika uwanja wa adui, ikainuka, na wote wawili wakafika salama.

Kershaw alitunukiwa nishani ya DSO kwa tendo hilo. Diredawa ilitekwa siku 14 baadaye, Machi 29, na Aprili 6 majeshi yakaingia Addis Ababa. Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano walipouingia.

Huenda waona hadithi imeishia vizuri. Ngoja kidogo. Frost alipelekwa Afrika Kaskazini, katika jangwa jingine, akawa mmoja wa marubani hodari zaidi wa nchi yake. Juni 16, 1942, aliondoka kwenda kupigana karibu na Bir Hacheim nchini Libya. Hakurudi. Hakuonekana yeye wala ndege yake. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja atimize miaka 24. Siku hiyo hapakuwa na wa kumpakata.

WALIO CHINI

Masimulizi ya vita vya angani hupenda kumtaja rubani. Mimi nakuomba umkumbuke pia aliyekuwa chini. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi.

Jeshi la Anga la Afrika Kusini la siku hizo halikumruhusu Mwafrika kuwa rubani. Mwafrika alikuwa askari wa miguu wa KAR, dereva wa lori, mpishi, mchimba barabara na mbeba mizigo. Yeye ndiye aliyeisukuma gari iliyozama mchangani, na yeye ndiye aliyelala kifudifudi Wajir wakati mabomu yakianguka. Wakenya karibu laki moja walivaa sare katika vita hivyo, na mshahara wa mtu ulipimwa kwa rangi ya ngozi yake. Waliporudi walikuwa wameona Mzungu akiogopa, akilia na akifa. Si ajabu kwamba baadhi yao hawakukubali tena kuitwa boi, na miongoni mwao walitoka watu waliodai uhuru.

Kenya ilipata jeshi lake la anga Juni 1, 1964, na uwanja wa Eastleigh, ambao Waingereza waliutumia katika vita vile, ukawa wa Wakenya.

THIKA NAYO JE?

Labda utauliza, mji wetu ulipata nini katika haya yote? Tazama tena jina la mtaa uliposimama. Makongeni lakukumbusha mkonge, zao lililolimwa kwa wingi upande huu wa Thika na Punda Milia. Mwaka wa 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na Java, ambako kulitoka nyuzi nyingi za kutengeneza kamba. Ghafla mkonge wa Afrika Mashariki ukawa silaha. Meli za kivita hazikuweza kufungwa bandarini bila kamba, na magunia ya jeshi hayakuweza kushonwa bila nyuzi. Mkono wa kibarua wa Thika uliochomwa na miiba ya mkonge ulikuwa vitani pia, ingawa hakuna aliyeuvisha nishani.

Halafu walikuja mateka. Maelfu ya Waitaliano waliokamatwa Ethiopia na Somalia waliletwa Kenya, na moja ya kambi zao ilikuwa Ndarugu, hapa jirani na Juja. Wengine wao ndio waliojenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka wa 1942. Watatu walitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943, si kwa ajili ya kukimbilia kwao, bali kupanda Mlima Kenya. Walipoona wamefika juu, walishuka wakarudi kambini wenyewe!

Mkubwa wao alikuwa Mtawala wa Aosta, gavana wa himaya yote ya Waitaliano huku kwetu, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali wa jeshi la anga na rubani. Alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941, akafa akiwa mateka Nairobi Machi 3, 1942. Amezikwa Nyeri katika kanisa la Waitaliano, pamoja na mamia ya askari wake. Kila ukipita Thika kwenda Nyeri, waifuata njia ya kaburi la mtu ambaye ndege zake ziliwahi kuishambulia Wajir.

BARABARA ILE ILE

Usidhani barabara ya Makongeni ilistaafu mwaka wa 1941. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, na moja ya njia zake ilikuwa ni ile ile ya Garissa na Liboi. Afmadu ilitekwa Mei 2012 na Kismayu ikaingiwa Septemba mwaka huo. Majina ni yale yale yaliyotangazwa redioni Februari 1941. Tofauti ni kwamba safari hii marubani walikuwa Wakenya, na waliopokea simu za huzuni walikuwa jamaa za Wakenya, pengine jirani zako. Na safari hii pia, chini ya ndege walikuwako wafugaji, wakimbizi na watoto.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza juu ya ndege za kivita, usimkataze kuuliza. Mweleze jinsi bawa linavyobebwa na hewa na kwa nini joto huliletea shida. Mpe hesabu ya madebe. Kisha mweleze habari za Kershaw, ili ajue kwamba jambo linalokumbukwa zaidi katika siku ile ya Diredawa si ndege ngapi ziliharibiwa. Ni mtu aliyegeuka nyuma kumchukua mwenzake.

Na siku nyingine mkiwa Nairobi, wapeleke katika makaburi ya vita ya Ngong Road. Kuna mnara hapo wenye majina ya waliokufa katika safari ya kutoka Kenya hadi kusini mwa Ethiopia na Somalia ambao makaburi yao hayajulikani. Someni majina hayo kwa sauti, pole pole. Kisha mkirudi nyumbani, fungua lile sanduku la zamani la babu au la baba yake babu. Walioshiriki vita vile wamebaki wachache mno. Lakini huenda humo mna medali iliyoshika kutu, barua, au kitabu kidogo cha jeshi chenye alama ya kidole gumba. Usikitupe. Kiweke mezani, uite watoto, uwaambie kilitoka upande gani wa ile barabara.